Siku 183 za Serikali, Miaka Yote ya Ukoo

Kwa mtu wa Giheke, Rwanda, ng'ambo haianzii uwanja wa ndege. Inaanzia darajani. Ukitoka kwenye mashamba ya chai ya Shagasha, ukapita mji wa Kamembe, baada ya kilomita chache unaufikia mto Rusizi, na upande wa pili ni Bukavu, Kongo: nchi nyingine, sarafu nyingine, watoza kodi wengine. Wapo wanaovuka asubuhi na beseni la nyanya na kurudi jioni. Wapo waliovuka wakapanga chumba Kadutu au Ibanda, wakakaa miaka. Na wapo waliopanda basi la kupita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, kisha wakaruka kwenda Dubai, Brussels au Montreal.

Safari hizo hazifanani, lakini maandalizi yake yanafanana sana. Pasi ya kusafiria inatafutwa kwa miezi. Nguo zinashonwa, wazee wanaagwa, maombi yanafanywa. Hesabu ya fedha, yaani nani atalipa nini, wapi, mpaka lini, hiyo haifanywi kabisa, au inafanywa miaka miwili baadaye kwa simu, huku watu wamekasirika. Nadhani hapo ndipo wahamaji wetu wengi wanapoumia, kuliko kwenye baridi au ubaguzi.

Kuhama kwa sababu ya kodi si jambo geni katika eneo hili ambalo wazee waliliita Kinyaga. Wabelgiji walianzisha kodi ya kichwa mwaka 1917, na kila mwanamume mzima alitakiwa kuilipa kwa fedha taslimu, katika nchi ambayo mali yake ilikuwa ng'ombe, majembe na mavuno. Fedha ilipatikana kwa mshahara tu, na mshahara ulikuwa mbali. Wengine walikwenda kulima pamba na kahawa Uganda. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière iliajiri maelfu ya vijana wa Ruanda-Urundi kwenda Katanga. Watu wa Kinyaga walikuwa na njia ya karibu zaidi: mashamba ya walowezi na mji wa Bukavu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville. Mwanahistoria Catharine Newbury, aliyelichunguza eneo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1988, alionyesha jinsi kazi hizo za ujira zilivyobadilisha maisha ya familia za hapa. Babu zetu walivuka mto ili walipe kodi nyumbani. Wajukuu wao wanavuka mto na bahari wakiamini kwamba kodi ya nyumbani imebaki nyuma yao.

Imani hiyo ina ukweli nusu. Sheria ya Rwanda ya kodi ya mapato, iliyopitishwa upya Oktoba 2022, humtambua mkazi kwa mambo mawili makubwa: mahali makazi yake ya kawaida yalipo, na kama amekaa nchini zaidi ya siku 183 ndani ya kipindi chochote cha miezi 12. Aliye mkazi hutozwa kwa mapato yake popote yalikopatikana duniani. Asiye mkazi hutozwa kwa yale tu yaliyotokana na Rwanda.

Sasa mtazame mama wa Giheke anayeuza mboga Bukavu siku sita kwa wiki. Mchana wake ni wa Kongo, lakini usiku wake, watoto wake na jiko lake viko Giheke. Kwa sheria, yeye ni mkazi wa Rwanda asubuhi na jioni. Habari njema, ambayo wengi hawajaambiwa, ni kwamba mauzo yasiyofika faranga milioni 2 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato, na ya kati ya milioni 2 na 4 hulipiwa faranga 60,000 tu kwa mwaka mzima. Hana sababu ya kuiogopa ofisi ya kodi. Linaloniuma kwa upande wake ni jambo jingine: upande wa pili wa daraja hulipa hapa kidogo na pale kidogo bila kupewa risiti. Rwanda hukubali kumpunguzia mkazi kodi iliyokwisha kulipwa nje, lakini kwa ushahidi wa karatasi. Bila karatasi, alicholipa Bukavu ni kama hakulipa.

Mwezi Juni 2021 marais wa Rwanda na Kongo walikutana, na mjini Goma ukatiwa saini mkataba wa kuzuia mtu asitozwe mara mbili kwa pato moja. Uhusiano uliharibika mwaka uliofuata, kabla mkataba huo haujapata nafasi ya kuwafaa watu wa darajani. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilitia saini mkataba wake wa namna hiyo mwaka 2010, na mpaka leo haujaanza kutumika. Anayehamia Brussels ana bahati kuliko anayehamia Bukavu au Kampala, kwa sababu Rwanda na Ubelgiji zina mkataba uliotiwa saini 2007.

Mhamaji wa kweli, yule anayefunga mlango na kwenda kuishi kwingine, huacha kuwa mkazi baada ya muda. Lakini nyumba yake haihami. Nyumba moja ya kuishi haitozwi kodi ya jengo, wala shamba la kilimo lisilozidi hekta 2 halitozwi kodi ya ardhi, na hilo huziokoa familia nyingi za vilima vyetu. Tatizo huja na nyumba ya pili, ile anayoijenga mtu wa ng'ambo ili aonekane amefika. Hiyo hutozwa. Akiipangisha, kodi ya pango ni yake pia, maana ni pato lililotokana na Rwanda hata kama mwenye nyumba yuko Montreal. Kiwanja cha ujenzi kisichoendelezwa hulipiwa kwa mita ya mraba. Haya yote yanaweza kulipwa kwa simu, lakini ni lazima mtu awe amepewa kazi hiyo kwa jina lake. "Kaka ataangalia" si mpango. Kaka anadhani dada analipa, dada anadhani kaka anatuma, na riba ya kuchelewa inaongezeka bila mtu kupiga kelele.

Tuseme ni mwalimu anayepata mshahara wa faranga 250,000 kwa mwezi, anayefikiria kwenda Dubai. Hapa faranga 60,000 za kwanza hazitozwi. 40,000 zinazofuata hutozwa 10%, laki moja inayofuata 20%, na zilizobaki 30%. Jumla ni faranga 39,000, mbali na mchango wa pensheni, ambao tangu Januari 2025 umekuwa 12%, nusu yake ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Dubai mshahara hautozwi kodi ya mapato. Ndiyo sababu kubwa inayotajwa na kila anayeshawishi wenzake kwenda. Wanachokinyamazia ni kwamba huko mgeni hana pensheni. Ana malipo ya kumaliza kazi, siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na mshahara wa msingi mara nyingi ni sehemu tu ya kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Hapa nyumbani pensheni ya kila mwezi hutaka michango ya miaka 15. Mwalimu aliyechanga miaka tisa akaondoka, kisha akatumia kila dirhamu, atarudi na umri mkubwa na mikono mitupu. Kodi aliyoikimbia ilikuwa ndogo kuliko uzee aliouacha bila akiba.

Lakini kodi ya serikali, hata ikiwa nzito, ina mwanzo na mwisho, ina kiwango, na ina mahali pa kukata rufaa. Kodi ya ukoo haina. Mhamaji hatozwi kwa siku alizolala nchini. Anatozwa kwa kuwa aliondoka, na kadiri anavyokaa mbali ndivyo kiwango kinavyopanda. Ada ya shule mwezi wa tisa. Mituweli, bima ya afya ya jamii, kila mwezi wa saba. Mahari ya mdogo wake, bati la shangazi, jeneza la jirani aliyemfundisha kusoma. Simu inaita saa tano usiku kwa saa za huko.

"Mwanangu, unalala?"

"Hapana, Mama, ndiyo kwanza nimetoka kazini."

"Imana ikurinde. Nakusumbua tu, baba yako mdogo amelazwa."

Nani atamjibu mama huyo kwa habari ya ngazi za kodi? Kwa hiyo anatuma. Mwezi unaofuata anatuma tena, na wa tatu anakopa huko huko ili atume, kwa kuwa aliona aibu kusema hana.

Silaumu wanaoomba. Mara nyingi nauli ya mhamaji ilikuwa fahali aliyeuzwa na baba, au mkopo wa SACCO ya Umurenge uliochukuliwa kwa jina la mama, au zamu ya ikimina (mchezo wa kupeana fedha) ambayo wanawake kumi na mbili walikubali kumwachia. Wana haki. Mwaka 2023 Wanyarwanda walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola milioni 500, na fedha hiyo imesomesha watoto na kuezeka nyumba kote nchini. Ninachokataa ni kuiacha haki hiyo bila kipimo. Kwa kukosa kipimo, kila upande unaanza kumficha mwenzake. Aliye nje hasemi mshahara wake, nyumbani wanaukisia, na kisio kila mara ni kikubwa kuliko ukweli.

Chukua Ubelgiji. Mtu anasikika anapata euro 3,500, na watu wa nyumbani wanazibadilisha kichwani kuwa mamilioni ya faranga. Kabla hajagusa chochote, mchango wa hifadhi ya jamii wa 13.07% umechukua karibu euro 457. Inafuata kodi ya mapato, ambayo baada ya kiasi kinachosamehewa huanzia 25% na kupanda mpaka 50%. Kisha pango, umeme wa majira ya baridi na usafiri. Kinachobaki hakilingani kabisa na mamilioni yale. Kama angewaonyesha wazazi wake karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari, ugomvi mwingi usingezaliwa. Wengi hawaionyeshi kwa sababu wanaogopa heshima yao itapungua. Naamini ingeongezeka.

Kuna pia swali la wapi pa kuweka fedha, na hapa mpaka wetu umetoa somo chungu. Kwa miaka mingi mtu wa wilaya yetu ya Rusizi mwenye biashara Bukavu alipendelea dola. Alikuwa na sababu: mwaka 2023 faranga ya Rwanda ilipoteza takriban 18% ya thamani yake mbele ya dola. Lakini Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafungwa, na wenye akaunti wakawa matajiri wa karatasi wasioweza kununua unga. Waliokuwa na dola mkononi nao walikutana na tatizo la zamani la mjini humo: noti yenye mpasuko mdogo pembeni hukataliwa sokoni, au mbadilisha fedha huikata thamani. Upande wa kusini, tangu Januari 2024 Burundi imefunga mpaka wake na Rwanda, na waliokuwa na madeni ya kukusanya kupitia Bugarama wakabaki wakihesabu hasara. Mwenye kuishi kati ya nchi mbili asiweke akiba yote katika nchi moja.

Njia ya kutuma nayo inakula. Kupeleka dola 200 kusini mwa Sahara hugharimu kwa wastani karibu 8%, ingawa Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kushusha gharama hiyo hadi 3% ifikapo 2030. Tangu Januari 2026 Marekani imeongeza kodi ya 1% kwa anayetuma kwa kutoa fedha taslimu dukani. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya huko haguswi na kodi hiyo. Ndugu zetu wa Marekani wanaopokea mshahara kwa bahasha ndio watakaoilipa.

Kwa hiyo, kabla mtu hajapanda basi Kamembe, familia ikae jioni moja na daftari. Waandike mkopo wa SACCO uliobaki na nani ataumaliza. Waandike jina moja, si mawili, la atakayelipa kodi ya kiwanja kila mwaka, na risiti zitahifadhiwa wapi. Wakubaliane kiasi cha kila mwezi, hata kiwe kidogo, na kile kitakachotengwa kwa dharura, na mituweli ya nyumba nzima ilipwe mara moja kwa mwaka, maana ni kidogo mno kulinganisha na bili moja ya hospitali: kwa miaka mingi familia nyingi zililipa faranga 3,000 kwa mtu. Mhamaji ajifungulie akiba ya Ejo Heza, ambayo tangu ilipoanzishwa Desemba 2018 humruhusu Mnyarwanda kuchangia hata akiwa nje, na aitaje mbele ya wazazi kama sehemu isiyoguswa. Na waandike tarehe ya kukaa tena, baada ya mwaka mmoja, kwa simu ikibidi, yeye akiwa na karatasi yake ya mshahara na wao wakiwa na daftari lao. Baba atasema mambo haya hayaandikwi kati ya mzazi na mtoto. Aandikiwe hivyo hivyo, kwa adabu, na apewe nakala ya kwanza.