Kiwanja kilicholala

Ndugu msikilizaji, wapo wanaosema kuwa hesabu za pembe tulizofundishwa sekondari ziliishia kwenye chumba cha mtihani. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Leo nataka nikusimulie namna hesabu hizo zilivyonifuata hadi pembezoni mwa jiji, zikanikuta nimesimama kwenye kiwanja cha mdogo wangu nikiwa shahidi, tena shahidi aliyejiona mjanja.

Mdogo wangu alikuwa amedunduliza kwa miaka mingi ili apate mahali pa kujenga. Akapata muuzaji, mzee mstaarabu, ambaye alikuwa anakata shamba la urithi vipande vipande. Bei ilikuwa shilingi 10,000 kwa mita ya mraba, na kipande chenyewe kilikuwa cha 20 kwa 30. Ishirini mara thelathini ni 600, kwa hiyo alitakiwa kulipa shilingi milioni 6. Mzee alitaka kupima kwa hatua kama ilivyo desturi. Mimi nikakataa. Nikasema hatua za miguu zinadanganya, mrefu ana zake na mfupi ana zake, nikatoa futikamba. Tukapima pande zote nne. Upande wa barabarani ulikuwa mita 30, wa nyuma mita 30, na wa kushoto na wa kulia mita 20 kila mmoja. Hakuna hata sentimita iliyopungua. Nikaweka saini yangu kwenye karatasi ya mauziano, na mwenyekiti wa mtaa akapiga muhuri.

Miezi michache baadaye mihogo na vichaka vilifyekwa, fundi akaja kuweka kamba za msingi. Hakukaa muda mrefu. Akamwita mdogo wangu pembeni akamwambia, "Bosi, hiki kiwanja kimelala."

Naam, kilikuwa kimelala. Barabara ilikuwa imelikata shamba la mzee kwa mshazari, na mipaka ya pembeni ikafuata mstari wa minazi ya zamani. Kona mbili zilikuwa zimebana hadi nyuzi 60, na mbili zimetanuka hadi nyuzi 120. Tulidhani tumenunua mstatili, kumbe tumenunua msambamba. Na eneo lake halikuwa mita za mraba 600. Lilikuwa 520 kasoro kidogo. Mita za mraba 80 hazikuwepo, na hizo ni shilingi 800,000.

Utauliza, zimekwenda wapi, ilhali pande zote nne zilikuwa sawasawa? Hilo ndilo swali la leo.

Chukua ngazi ya mita 5, isimamishe wima ukutani. Kimo chake ni mita 5. Sasa ivute chini iegame. Ngazi haikupungua urefu, ni ile ile, lakini ncha yake imeshuka. Ukiivuta zaidi, inashuka zaidi, hadi inalala chini kabisa na kimo kinakuwa sifuri. Waalimu wa hesabu wana jina la sehemu ya urefu inayobaki kuwa kimo baada ya kitu kuegama. Wanaiita sini, na usiichanganye na saini niliyoiweka kwenye ile karatasi. Kitu kikisimama nyuzi 90, sini yake ni 1, yaani urefu wote ni kimo. Kwa nyuzi 60 ni 0.87. Kwa nyuzi 45 ni 0.71. Kwa nyuzi 30 ni nusu kamili.

Kiwanja nacho ni hivyo hivyo. Ule upande wa mita 20 ulikuwa umeegama nyuzi 60, kwa hiyo umbali wa kweli kutoka barabarani hadi mpaka wa nyuma, ukipimwa kwa kunyooka, haukuwa mita 20 bali 17.3. Zidisha kwa 30 utapata hizo 520. Laiti kingeegama nyuzi 30, mdogo wangu angelipa milioni 6 kwa mita za mraba 300, na futikamba yangu ingesema kila kitu ni shwari.

Kosa hili si letu peke yetu, wala si la jana. Kule Misri, katika hekalu la Edfu, kuna maandishi ya miaka zaidi ya 2,000 yanayoorodhesha mashamba na maeneo yake. Wapimaji wa wakati ule walichukua pande mbili zinazotazamana, wakazijumlisha na kugawa kwa mbili, wakafanya vivyo hivyo kwa pande mbili nyingine, kisha wakazidisha. Ndivyo wanavyofanya madalali wengi hadi leo. Njia hiyo ni sahihi kwa mstatili tu. Kwa umbo lingine lolote la pande nne hutoa jibu kubwa kuliko eneo la kweli. Haikosei upande wa mnunuzi hata siku moja, ndugu msikilizaji. Hukosea upande wa muuzaji daima.

Sababu yake unaweza kuiona kwa macho. Chukua vijiti vinne, vifunge kwenye kona kwa misumari, kisha sukuma kona moja. Fremu inalala. Vijiti ni vile vile, ila nafasi iliyo katikati imepungua. Sasa fanya hivyo kwa vijiti vitatu. Sukuma, vuta, kalia ukipenda, umbo halibadiliki. Pembetatu hailali. Ndiyo maana fundi seremala anapounga kenchi za paa hujaza mbao za mshazari, na ndiyo maana geti la mbao lisilo na ubao wa mshazari huanza kuburura chini. Ukijua pande tatu za pembetatu, umeijua yote, pembe zake na eneo lake. Ukijua pande nne za kiwanja, bado hujakijua.

Dawa basi ni kukigeuza kiwanja kuwa pembetatu. Pima pande nne, kisha pima mara ya tano, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Huo mshazari mmoja unakikata kiwanja kuwa pembetatu mbili, na kila moja haina tena pa kulala. Kikiwa na pande tano, kikate pembetatu tatu. Kikiwa na sita, nne. Hakuna kiwanja chenye mipaka iliyonyooka kinachoshindikana.

Eneo la kila pembetatu linapatikana kwa pande zake tu, kwa kanuni inayohusishwa na Heron wa Aleksandria, aliyeishi karne ya kwanza. Unayesikiliza tafuta kalamu, na unayesoma gazetini yatazame polepole. Tuseme kiwanja kina pande za mita 26, 28, 24 na 18, na mshazari wake ni mita 30. Pembetatu ya kwanza ina pande 26, 28 na 30. Zijumlishe upate 84, nusu yake ni 42. Kutoka 42 toa kila upande, utabaki na 16, 14 na 12. Zidisha 42 kwa 16 kwa 14 kwa 12, upate 112,896. Tafuta kipeuo cha pili, nacho ni 336. Pembetatu ya pili ina 18, 24 na 30. Nusu ya jumla ni 36, mabaki ni 18, 12 na 6. Zidisha zote upate 46,656, na kipeuo chake ni 216. Jumla ya kiwanja ni mita za mraba 552. Kwa hesabu ya dalali ingekuwa 575. Kikokotoo cha simu ya mkononi kinatosha, ilimradi kiwe na alama ya kipeuo.

Na kama huna muda wa hesabu, jifunze la mafundi. Kwenye kona pima mita 3 upande mmoja, uweke alama. Pima mita 4 upande wa pili, uweke alama. Kisha pima toka alama hadi alama. Ikiwa mita 5, kona ni pembe mraba. Ikipungua, kona imebana. Ikizidi, imetanuka. Kwa mdogo wangu kona moja ilitoa mita 3 na sentimita 61, na iliyofuata mita 6 na sentimita 8. Dakika tano za kazi zingeokoa shilingi 800,000.

Wapo watakaosema mambo ya pembe waachiwe wapimaji wa serikali. Kweli, kiwanja kilichopimwa rasmi na kuwekewa mawe ya mipaka ndicho bora, na mwenye uwezo amtafute mpima aliyesajiliwa. Lakini elimu anayotumia yeye ni hii hii. Mlima Kilimanjaro haukupimwa kwa futikamba. Mwaka 1952 wapimaji waliupima kwa pembe na pembetatu, wakapata mita 5,895. Mwaka 2008 ulipimwa tena kwa satelaiti, ikapatikana 5,892. Tofauti ni kama mita tatu tu, kwa mlima wa namna ile. Itakuwaje sisi tukose mita 80 za mraba kwenye kiwanja cha kuzungukwa kwa dakika mbili?

Mwishowe tulimrudia mzee. Hakukasirika, na siamini kuwa alikusudia kutudhulumu. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa aliifungua ile karatasi akaisoma kwa sauti: ishirini kwa thelathini. Akauliza, "Je, ishirini hamkuipata? Thelathini hamkuipata?" Tukanyamaza. Karatasi haikutaja mita za mraba wala mshazari. Na chini yake palikuwa na saini yangu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayenunua, na ninyi wa familia moja mnaogawana urithi, andikeni kwenye karatasi vipimo vya pande zote, na mishazari yote miwili, na eneo. Kwa kiwanja cha 20 kwa 30 kilichonyooka, kila mshazari hutoa mita 36 na sentimita 6. Chetu kilitoa 26 na nusu kasoro kidogo upande mmoja, na 43 na nusu na ushei upande wa pili. Mtoto wa darasa la saba angeona kuwa hapo pana jambo.

Mdogo wangu amejenga. Nyumba imekaa katikati, imenyooka, na kila upande imebaki pembetatu. Upande mmoja amepanda migomba, upande wa pili ameweka banda la kuku. Hajapata kunilaumu. Akinisindikiza huniambia, "Kaka, hukujua." Nami naitazama ile migomba iliyojibana kwenye kona ya nyuzi 60, nasema moyoni kwamba nilifundishwa, ila sikutumia.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.