Sudusi ya mama

Mwanafunzi anayenung'unika kwamba sehemu hazina kazi nje ya darasa hajawahi kukaa kwenye kikao cha mirathi. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mama yake mzazi, mtoto wa kiume na wa kike. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi 7,200,000. Kwa sheria ya Kiislamu mume ana robo, kwa kuwa marehemu ana watoto. Mama ana sudusi, yaani 1/6. Salio ni la watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike.

Hesabu huharibika hapa: mtu humtolea mume 1,800,000, kisha hukata sudusi kwenye 5,400,000 zilizobaki. Mama anapewa 900,000, na 300,000 zake zimepotea bila mtu kukusudia dhuluma. Sudusi yake ni ya mali yote. Sisi walimu tuna haraka ya kufika kwenye kigawe kidogo cha shirika (KDS) kabla ya kuuliza swali la kwanza: sehemu ya nini?

Likishajibiwa, kazi ni nyepesi. KDS ya 4 na 6 ni 12, hivyo 3/12 + 2/12 = 5/12, na watoto wana 7/12. Fungu la binti liwe x, la kaka yake 2x. Basi 3x = 7/12, na x = 7/36. Kwa asili ya 36, mume ana 9, mama 6, kijana 14, binti 7. Kila 1/36 ni shilingi 200,000, kwa hiyo mama anapata 1,200,000. (Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mafumbo ya wasia na mirathi.)

Utamu hasa uko pale mafungu yanapozidi mali. Marehemu hana mtoto, mzazi wala kaka. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili: 3/6 + 4/6 = 7/6! Wanazuoni wa Kisunni hutumia auli: kiasi hakiguswi, asili inakuwa 7. Mume anapata 3/7, kila dada 2/7. Mume amepungukiwa 1/14 ya mali na kila dada 1/21, tofauti kwa macho. Lakini pima kwa haki ya kila mmoja, na wote watatu wameachia 1/7 ya fungu lao.