Staa aliyevalia jezi kwa muuza sigara

Hebu fikiria: wewe ndiye staa wa timu, lakini kwenye chumba cha kubadilishia nguo hutakiwi. Fritz Pollard, mweusi aliyewika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, aliyaona hayo akichezea Akron Pros. Alivalia jezi kwa mwenye timu, aliyekuwa muuza sigara, ndipo gari limpeleke uwanjani.

Si kandanda yetu hii. Ni ile ya mpira wenye umbo la yai. Jamaa alikuwa na umbo dogo, basi akiangushwa anajigeuza chali, anarusha mateke hewani ili wasimlalie wakamvunja. Noma!

Akron walitwaa taji la kwanza la ligi hiyo, NFL ya leo, mwaka 1920. Mwaka uliofuata akawa kocha wake wa kwanza mweusi. Kisha kuanzia 1934 hadi 1945 weusi wakafungiwa nje kabisa. Pollard alifariki 1986. Jumba la Mashujaa lilimkumbuka 2005.