Heterokromatini: Istilahi na Jeni za Protini za Ribosomu

Istilahi za sayansi aghalabu huundwa kabla ya kitu chenyewe kueleweka barabara. Mtaalamu huona umbo au rangi akakipa kitu jina, na jina hilo likaendelea kutumika hata baada ya maarifa kuzidi. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi moja ya namna hiyo, nayo ni heterokromatini, kwa kuzingatia jeni za protini za ribosomu katika inzi wa matunda, Drosophila melanogaster.

Ndani ya kiini cha seli, nyuzi za DNA hufungamana na protini, na mfungamano huo ndio uitwao kromatini. Mnamo mwaka 1928, Emil Heitz, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, alipokuwa akichunguza mimea midogo isiyotoa maua, aliona kwamba baadhi ya sehemu za kromosomu hubaki zimeshonana na kukolea rangi ya maabara, ilhali nyingine hukunjuka zikafifia. Zilizokolea aliziita heterokromatini, na zilizofifia yukromatini. Katika Kigiriki, kiambishi cha kwanza huashiria kitu kingine au tofauti. Cha pili huashiria wema. Hivyo, tangu majina hayo kuzaliwa, upande mmoja ulisifiwa na wa pili ukatengwa.

Utengano huo haukukosa ushahidi. Mwaka 1930 Hermann Muller alieleza juu ya inzi aliowapata kwa kutumia miale ya eksirei, ambao macho yao yalikuwa na mabaka mekundu na meupe. Ilikuja kubainika kwamba jeni ya rangi ya jicho ilikuwa imehamishwa hadi karibu na heterokromatini, na katika baadhi ya seli ikazimwa isifanye kazi. Isitoshe, heterokromatini, ambayo ni takriban thuluthi moja ya DNA ya inzi huyu, imejaa mifuatano inayojirudiarudia. Basi wengi waliichukulia kuwa ni jangwa lisilo na jeni za maana.

Jeni za protini za ribosomu zinaonyesha upungufu wa fikira hiyo. Ribosomu ni viwanda vidogo ambamo protini za seli hutengenezwa. Katika inzi wa matunda, protini 79 za ribosomu za nje ya kiini hutokana na jeni 88. Kwa nyingi miongoni mwa jeni hizo, nakala moja haitoshi: inzi aliyebakiwa na nakala moja tu iliyo nzima hukua polepole na kuwa na singa fupi, nyembamba; akizikosa zote mbili hufa. Hali hiyo, iitwayo Minute, ilielezwa na Bridges na Morgan mwaka 1923, lakini ni mwaka 1985 tu ilipothibitishwa kwamba mojawapo ya jeni zinazohusika ni ya protini ya ribosomu.

Mnamo mwaka 2005 uchunguzi wa kijenetiki ulibainisha kwamba jeni mbili za namna hiyo, RpL5 na RpL38, zimo katika heterokromatini ya kromosomu ya pili, na nyingine, RpL15, imo katika ile ya kromosomu ya tatu. Hizi si jeni za pembeni. Ni jeni ambazo uhai hauwezekani bila ya kazi yake. Zaidi ya hayo, ilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1930 kwamba jeni nyingine ya heterokromatini, iitwayo light, hulegea katika kazi yake inapohamishwa na kuwekwa karibu na yukromatini. Mazingira yanayomzima mgeni ndiyo yanayomfaa mwenyeji.

Hapa ndipo lilipo fundisho kwa wanaounda istilahi za Kiswahili. Mfasiri anaweza kuvutwa na maneno kama "kromatini bubu" au "kromatini tupu", kwa kuwa ni mepesi na yana picha. Lakini maneno hayo hayaelezi kilichoonekana. Yanatoa hukumu, na hukumu yenyewe imekwisha kukanushwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa mahali fulani ni patupu hana sababu ya kupachunguza.

Zipo njia mbili zilizo salama zaidi. Ya kwanza ni kukopa neno heterokromatini kama lilivyo. Maana yake ya asili haimgusi msomaji wa Kiswahili, kwa hiyo halimpotoshi, ingawa pia halimsaidii. Ya pili ni kurejea kwenye ushahidi wa Heitz mwenyewe na kusema "kromatini kolevu", kwa mfano wa rangi kolevu. Neno hili hutaja kile ambacho darubini huonyesha na kuacha suala la kazi ya jeni wazi. Katika kuunda istilahi, yafaa sifa inayoonekana itangulizwe, na dhana inayobishaniwa iachiwe maelezo.