Soka la Kusini (2): Namungo na tiketi ya aliyefungwa

Wiki iliyopita tuliishia kwa Ndanda ya Mtwara, iliyoingia Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Leo tunahamia Lindi, kwenye msimu mmoja tu: 2019/20, wa kwanza kwa Namungo ya Ruangwa katika Ligi Kuu.

Namungo ilipanda pamoja na Polisi Tanzania na kukuta ligi ngumu ya timu 20 na mechi 38. Kwa kuwa idadi ya timu ilikuwa ipunguzwe, nne zingeshuka moja kwa moja na mbili kwenda mchujo. Mgeni wa ligi katika hali hiyo huomba kubaki tu. Tena safari za Ruangwa si mchezo. Kwenda Dar es Salaam, basi la timu hushika barabara ya pwani, likapita Nangurukuru wilayani Kilwa na kuvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Anayekwenda kucheza Bukoba au Musoma hapo bado hajafika popote.

Machi 2020 ligi ilisimama kwa sababu ya korona, ikarejea Juni. Ilipomalizika, vijana wa kocha Hitimana Thierry walikuwa wa nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Ndanda, jirani zao, walishuka daraja.

Lakini wakati huo nafasi ya nne haikumpeleka mtu Afrika. Msimu huo Tanzania ilikuwa na tiketi mbili tu: bingwa wa ligi aende Ligi ya Mabingwa, na bingwa wa Kombe la FA aende Kombe la Shirikisho Afrika. Ikiwa timu moja ingechukua yote mawili, tiketi ya pili ingemwangukia aliyefungwa fainali.

Simba ilitwaa ubingwa wa ligi mwishoni mwa Juni, mechi kadhaa zikiwa bado. Tangu hapo, hesabu za Kombe la FA zikabadilika. Nusu fainali moja ilikuwa Simba na Yanga, nyingine Namungo na Sahare All Stars ya Tanga. Yanga ikipita, Namungo ingelazimika kushinda fainali. Simba ikipita, kwa Namungo kufika fainali kungetosha. Hivyo mkazi wa Ruangwa, hata awe Yanga damu, alikuwa na sababu ya kuiombea Simba. Simba ikashinda 4-1; Namungo nayo ikaitoa Sahare.

Julai 8 Simba ilikuwa imekabidhiwa kombe la ligi palepale Ruangwa, Uwanja wa Majaliwa, baada ya sare ya 0-0 na wenyeji. Agosti 2 zikakutana tena, safari hii Sumbawanga, kwenye fainali ya FA. Simba ikashinda 2-1. Namungo ikafungwa, na tiketi ikabaki mkononi mwake. Yanga na Azam, zilizokuwa juu yake kwenye msimamo, zikakosa Afrika.

Wapo walioita hiyo bahati ya mtende. Bahati ilikuwepo, lakini kanuni ile iliandikwa kwa ajili ya yeyote aliyefika fainali, na Namungo ilifika kwa kuzitoa timu nyingine uwanjani. Kilichokuwa cha bahati ni mpinzani iliyemkuta huko.

Wiki ijayo tutaifuata Namungo katika Kombe la Shirikisho Afrika: Hilal Obeid ya Sudan, Primeiro de Agosto ya Angola, na kundi la Raja Casablanca.

Itaendelea.