UJENZI: Tegemeza ukuta kwanza ndipo upanue mlango

SI jambo geni katika eneo la Lurambi, mjini Kakamega, kumpata mwenye nyumba akigeuza chumba cha kupangisha kuwa duka. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko papo hapo, na wanafunzi ni wateja wasiokosekana.

Kikwazo cha kwanza huwa mlango. Wa chumba una upana wa sentimita 90 hivi, ilhali duka linahitaji mita mbili. Fundi huitwa na nyundo yake, na kazi huchukuliwa kuwa ya nusu siku.

Hapo ndipo hatari ilipo. Matofali ya saruji hustahimili kukandamizwa, lakini hayawezi kuning'inia. Juu ya kila mlango huwa kuna boriti ya zege, ambayo mafundi huiita linta, inayopokea uzito na kuupeleka pande zote mbili. Ukibomoa pembeni mwa mlango, unaiondolea linta hiyo makalio yake.

Aidha, linta mpya si ile ya zamani iliyorefushwa tu. Kwa uzito ule ule katika kila mita, upana ukiongezeka maradufu, nguvu inayoipinda boriti huongezeka mara nne. Kwa hivyo, kina chake na vyuma vyake sharti vikadiriwe upya, hasa ikiwa sakafu ya ghorofa imeukalia ukuta huo. Hiyo ni kazi ya mhandisi.

Kabla ya kubomoa, matundu madogo hutobolewa juu ya mahali linta mpya itakapokaa, yakiachana kwa takriban mita moja. Boriti fupi imara hupenyezwa katika kila tundu, kisha kila ncha yake huwekewa nguzo, moja ndani na nyingine nje. Nguzo hizo husimama juu ya mbao nene ili zisididimie, jambo la kuzingatiwa sana Kakamega, ambako mvua nyingi hulainisha ardhi. Sakafu ya juu nayo hutegemezwa kwa nguzo zake.

Baada ya hapo ndipo matofali huondolewa, moja baada ya jingine, bila kugongagonga ovyo. Linta huingia ukutani angalau sentimita 15 hadi 20 kila upande, na pengo lililobaki juu yake hushindiliwa saruji na mchanga vyenye maji machache.

Kosa kubwa zaidi huja mwishoni: kuondoa nguzo mapema ili duka lifunguliwe. Zege humwagiliwa maji kwa angalau siku saba, nalo hukadiriwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28. Nguzo huondolewa kwa ruhusa ya mhandisi, wala si kwa shinikizo la mpangaji.

Nyufa zikionekana zikipanda kama ngazi kutoka pembe za mlango, au nguzo ikianza kupinda, kazi isimame na watu wote watoke, wakiwemo waliolala ghorofani.

Mwenye nyumba pia anahitaji idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kugeuza makao kuwa duka, na mwanakandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyobuniwa kwa sheria ya 2011.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa anayepanua mlango bila nguzo, huenda ufa wenyewe usipate hata nafasi ya kuonekana.