Mizani Mbili za Kampeni

Mama wa mtaa wa Kasha, hapa Bukavu, akipanda mlima na mzigo mgongoni, akielekea soko la Kadutu, hakuna anayemsimamisha kumuuliza kama bwana yake amemruhusu. Akitangaza tu kwamba anagombea kiti katika baraza la komine, swali hilo huwa la kwanza. Mengine hufuata: watoto anamwachia nani? Pesa za kampeni kapewa na nani? Mgombea mwanaume, ambaye naye ana ndoa na watoto, huulizwa barabara ataitengeneza lini.

Ubaguzi katika kampeni hufanya kazi hivyo. Mwanaume hupimwa kwa atakalofanya, mwanamke kwa alivyo. Baba akinunulia vijana pombe ni mkarimu. Mama akitoa chochote, watu wanatafuta mwanaume aliyemlipia. Baba akipaza sauti ana nguvu, mama ana kichwa kigumu. Akirudi nyumbani usiku kutoka mkutanoni, jina la ndumba, yaani malaya, linamsubiri mlangoni.

Kipimo kizito zaidi ni ukoo. Kwao alikozaliwa huambiwa: umeshaolewa, kaombe kura kwa bwana. Kwa bwana huambiwa: wewe ni mtoto wa wengine. Mwanaume anaanza kampeni akiwa na kwao. Mwanamke anaanza kwa kuthibitisha kwamba ana kwao.

Je, sheria inasemaje? Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 14, inaahidi usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi za nchi. Tangu marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume kwa shughuli za kisheria, ingawa kanuni hiyo hiyo bado inamwita mume mkuu wa nyumba. Ruhusa imefutwa kwenye karatasi, lakini uwanjani bado inadaiwa.

Sheria ya uchaguzi ya 2006 nayo ilitoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Kifungu cha 13 kilitaka orodha za wagombea zizingatie usawa, kisha kikaongeza kwamba orodha isiyotimiza usawa huo haiwezi kukataliwa kwa sababu hiyo. Vuguvugu la Rien sans les femmes (Hakuna kitu bila wanawake), lililoanza Kivu mwaka 2015, lilikusanya saini zaidi ya laki mbili kudai mabadiliko. Mwaka 2022 sheria ilisamehe orodha yenye angalau nusu ya wanawake kulipa dhamana ya kugombea. Ni hatua njema, lakini ina mwanya: mpiga kura huchagua jina moja ndani ya orodha. Chama kinaweza kuandika wanawake ili kuokoa pesa, kisha magari, mabango na jukwaa vikabaki kwa wanaume.

Matokeo ya mizani hizi mbili yameonekana tangu mwanzo. Bunge lililochaguliwa 2006 lilikuwa na wanawake 42 kati ya viti 500. Mwaka huo wanawake wanne waligombea urais kati ya wagombea 33; mwaka 2018 alibaki mmoja kati ya 21, Marie-Josée Ifoku. Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka akawa mwanamke wa kwanza kuteuliwa waziri mkuu. Uteuzi wake ni fahari yetu, ila kiti cha kuteuliwa hakipitii uwanjani, mbele ya maswali yale.

Kwa hiyo sheria peke yake haitatosha. Mizani nyingine iko mikononi mwetu wapiga kura. Siku sanduku la kura litakaporudi Kasha, lile swali ulilomwandalia mama, mwulize baba kwanza: watoto anamwachia nani? Ukiona aibu kumuuliza, ujue halikuwa swali la uchaguzi. Kisha mwulize mama habari ya barabara, na umdai jibu lake kama unavyomdai mwanaume.